Inchi Saba za Upande wa Kushoto

"Ukivaa sketi unaanzia miguuni au kichwani?"

Msichana alimtazama mama yake, na mama akamtazama fundi. Walikuwa wameleta kitambaa cha sketi ya shule, bluu ya giza, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, na swali hilo hawakulitarajia. Ilikuwa Desemba, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa. Kwenye baraza ile ya Singida mjini cherehani tatu zilikuwa zinakanyagwa kwa wakati mmoja na sare zilizokwisha kukatwa zilijaa hadi juu ya benchi la wateja. Fundi hakurudia swali. Alisubiri, futi kamba ikimning'inia shingoni.

"Miguuni," msichana akasema.

"Haya. Sogea hapa, mwanangu."

Nimekaa kwenye baraza ile siku nyingi kuliko idadi ya nguo nilizopeleka kushonwa, na kwa maoni yangu ufundi wa zipu unaanzia kwenye swali lile. Wengi wetu tunadhani zipu ni jambo la mwishoni. Nguo ikishakatwa na kuunganishwa, mtoto anatumwa dukani akalete zipu ya bluu; rangi ikifanana, kazi imekwisha. Kwa mama fundi huyu rangi ndiyo inayokuja mwisho. Kwanza anataka kujua mwili utapita wapi ili uingie kwenye nguo, na zipu ni mlango wa kupitia. Hajawahi kuniambia hivyo kwa maneno. Nimeona tu kwamba hagusi kamba ya zipu iliyo kwenye msumari nyuma yake mpaka ajibiwe.

Alipima kiuno cha msichana: inchi 26. Akashusha futi hadi pale hipsi zinapojaa: 36. Sketi itakaa kwenye 26, lakini ili ifike pale lazima ipite kwenye 36, na tofauti ni inchi 10. Hizo kumi zitatoka kwenye mpasuo wa zipu, na hapa ndipo hesabu ilipo tamu. Mpasuo una kingo mbili. Ukiufungua wote, mdomo wa sketi unazunguka kiuno, unashuka ukingo mmoja na kupanda ukingo wa pili, hivyo unaongezeka mara mbili ya urefu wa mpasuo wenyewe. Mpasuo wa inchi 5 unaongeza 10, na mdomo unakuwa 36 kamili. Hipsi za 36 zitapita hapo, lakini kwa kubanwa, mwenye sketi akijinyonganyonga, na uzito wote ukiangukia kile kipande kidogo cha mshono pale zipu inapoishia. Mpasuo wa inchi 7 unaongeza 14, mdomo unafika 40. Mwili unapita, na vidole vinavyovuta sketi juu navyo vinapata nafasi.

"Saba," alisema fundi, na mkono ukaenda nyuma kwenye msumari.

Nilimwomba anieleze amefikaje hapo. "Gawa kwa mbili, ongeza mbili," akajibu, akiwa tayari anachora kwa chaki. Nusu ya 10 ni 5, ongeza 2, ni 7. Mama wa yule msichana, ambaye kwa kukadiria kwangu alikuwa na kiuno cha 34 na hipsi za 46, angepata 8. Usiku ule nilichora duara na mstari kwenye daftari nikaona kanuni yake inasimama. Kuna vitabu vya ushonaji vinavyotaja tu kwamba zipu ya sketi ni inchi 7 au 8, bila kusema kwa nini. Yeye anayo sababu, na kwa kuwa anayo, anajua pia lini aiache kanuni. Kwa mwanamke mwenye kiuno cha 38 na hipsi za 40, kanuni inatoa inchi 3, na mpasuo wa inchi 3 haufai kitu ikiwa mwenye sketi ana mazoea ya kuivalia kichwani. Hapo kinachopita ni mabega na kifua. Ndiyo maana anauliza.

Kisha akauliza swali la pili, dogo zaidi: "Unaandikia mkono gani?" Wa kulia. Zipu ikapangiwa upande wa kushoto, ambako mkono wa kulia unavuka tumbo na kushuka bila taabu.

Ni rahisi kupita haraka kwenye kuipima zipu yenyewe, na mimi nataka nikae hapo kidogo. Kuna watu wanaopima zipu kwa kuivuta kutoka ncha ya utepe hadi ncha nyingine, wakapata inchi 8 na nusu, wakadhani wameshika zipu ya inchi 8 na nusu. Zipu hupimwa meno tu, kutoka kizuizi cha juu mpaka kizuizi cha chini, ikiwa imefungwa na imelala bapa. Utepe unaozidi juu na chini haumo kwenye hesabu. Ni wa kushikia mshono. Mama fundi huilaza mezani, anaipapasa kwa kiganja kuondoa mkunjo wa kiwandani, ndipo anaweka futi. Zipu iliyokaa imekunjwa kwenye boksi hudanganya jicho. Kipimo kikipungua kidogo kwenye zipu, mkanda wa kiuno hautafunga sawasawa, upande mmoja utakaa juu ya mwenzake, na msichana atakaa mwaka mzima akiuvuta chini darasani.

Ikikosekana saba, anachukua nane. Hachukui sita kamwe. Zipu ya nailoni iliyozidi anaipunguza chini: anapiga mishono mingi ya mkono kuzunguka meno, palepale anapotaka iishie, mpaka uzi unakuwa kifundo kigumu ambacho kichwa hakiwezi kukiruka, kisha anakata nusu inchi chini yake. Kifundo hicho ndicho kizuizi kipya. Nimemwona akikijaribu kwa kukigonga na kichwa cha zipu mara nne, mara tano, kwa nguvu kuliko mvaaji yeyote atakavyoweza. Zipu ya chuma haipunguzwi hivyo. Meno yake hung'olewa moja moja kwa plaizi, na ni kazi ya kuumiza vidole.

Ukigeuza kichwa cha zipu, mara nyingi nyuma yake utakuta namba imechongwa: 3, 5, 8, 10. Hiyo ni namba ya ukubwa wa meno, na asili yake ni upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita, ingawa ukipima kwa rula hautapata milimita hizo sawasawa kwa kila aina. Namba 3 ni ya sketi, gauni, mto wa kochi. Namba 5 ni ya koti, begi la shule. Nane na kumi ni za mabegi makubwa, mahema na nguo nzito za kazi. Kichwa cha 5 hakiwezi kufunga meno ya 3 hata ukikibana namna gani, na hata namba zikifanana, kichwa cha nailoni hakiwi cha chuma. Ndiyo maana mtu anayetaka kubadilishiwa kichwa tu hana budi kuleta nguo yenyewe. Maelezo ya mdomo, "ni ile ya kawaida, mama," humrudisha nyumbani.

Zipu yenyewe ilichukua muda kutulia. Whitcomb Judson wa Chicago alipata hataza mwaka 1893 ya kifungio cha viatu chenye kulabu, lakini kilikuwa na tabia ya kufunguka chenyewe. Aliyekifanya kuwa zipu tunayoijua ni Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani. Mwaka 1913 aliacha kulabu, akaweka meno yanayofanana pande zote mbili, kila jino likiwa na kinundu juu na kishimo chini, na akayasogeza karibu karibu: badala ya manne kwa inchi, kumi au kumi na moja. Hataza yake ilitoka 1917. Kinundu huingia kwenye kishimo cha jirani, na kichwa, ambacho ndani kina njia yenye umbo la herufi Y, huyainamisha meno kwa pembe ile moja tu inayoruhusu kuingiana. Ukishayapitisha, hayatoki mpaka uyainamishe tena. Jina lilikuja miaka ya 1920, kampuni ya B. F. Goodrich ilipolitumia kwa mabuti yake. Sauti ya kufunga ikawa jina la kifaa. Mwaka 1934 Tadao Yoshida akaanzisha Tokyo kampuni ambayo leo herufi zake, YKK, zimo kwenye vichwa vya zipu karibu kila pembe ya dunia, pamoja na vichache vilivyomo kwenye kopo la mama fundi, ambavyo huvifumua kwenye makoti ya mitumba yaliyochakaa na kuvitunza.

Naitaja Sweden kwa sababu nyingine. Mama huyu alijifunza kazi Msingi, kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, enzi ambazo wilaya yake, Mkalama, ilikuwa bado ndani ya Iramba. Vyuo hivyo vilianzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na nchi hiyo ikasaidia kuvijenga. Nilipomwambia kwamba aliyetengeneza zipu naye alitoka huko, alifikiri kidogo akasema, "Basi na yeye alifundishwa kupima." Kisha akaendelea na kazi.

Kitambaa kina madai yake, na hapa ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Kitenge cha pamba kikiingia majini mara ya kwanza hurudi. Utepe wa zipu nyingi za siku hizi ni wa poliesta, haurudi. Shona zipu ya inchi 22 kwenye kitenge kibichi, kifue mara moja, na utaona mgongo mzima wa gauni umepiga mawimbi kama bati, kwa sababu kitambaa kimepungua na zipu imebaki na urefu wake. Mteja atasema zipu ni mbovu. Zipu haina kosa. Kwa hiyo mtu akileta kitenge chenye karatasi bado, huambiwa akakiloweke kwanza, akianike, alete kesho. Nimeona wateja wakikasirika na kwenda kwa fundi wa jirani asiyewarudisha nyumbani. Mama hawaiti. Katika mambo yote niliyomwona akiyafanya, hili nalihesabu kuwa gumu kuliko yote: kuiacha hela ya Desemba iondoke kwa sababu kitambaa hakijaloweshwa.

Shifoni ni habari nyingine. Ukitia zipu ya chuma kwenye shifoni, uzito wa chuma utavuta kitambaa na gauni litaning'inia kwa upande mmoja kama nguo iliyotundikwa kwenye mwiba. Shifoni na satini hupewa zipu nyembamba ya kuficha, ile ambayo meno yake hugeukia ndani na kwa nje huonekana mshono tu. Jinzi na kaki hupewa chuma. Sare ya shule hupewa nailoni, na kwa sababu nzuri: meno ya nailoni ni uzi mmoja uliosokotwa, hivyo yakiachana katikati unarudisha kichwa chini, unapandisha tena, yanapona. Jino la chuma likipinda au kung'oka, ndiyo basi. Tena maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na chuma kinachofuliwa humo kila Jumamosi huanza kukwaruza mapema. Adui wa nailoni ni pasi ya mkaa. Zipu hufungwa kwanza, hufunikwa kitambaa kibichi, ndipo pasi ipite, na haikai.

Kwa gauni, mpango ni uleule wa mwili unaopita, ila njia ni ndefu. Kutoka shingoni hadi kiunoni, mgongo wa mwanamke mzima huwa karibu na inchi 16. Zipu ikiishia hapo, kiuno cha gauni hakijafunguka na mabega hayapiti. Lazima iteremke chini ya kiuno inchi 6 hivi. Kumi na sita na sita ni 22, na ndiyo sababu boksi la zipu za gauni dukani limejaa za 22. Bibi harusi wa sendofu aliyeletwa na shangazi zake siku moja alikuwa mrefu wa mgongo, inchi 18. Shangazi mmoja alikuwa ameshanunua zipu, ya 22, rangi ya dhahabu, nzuri sana. Mama aliipima, akampima binti, akairudisha mikononi mwa shangazi kwa mikono miwili. "Zipu yako ni nzuri, dada, ila huyu mgongo wake umekwenda mbele. Niletee ya 24." Shangazi hakuona haya, wala binti hakuona kwamba ana mwili wa tatizo. Kusema vile nako nakuhesabu kuwa ni sehemu ya ufundi.

Juni na Julai baraza hubadilika. Singida iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, hakuna milima mikubwa ya kuzuia, na upepo wake ni ule ambao kwa miaka mingi umezungumzwa kuwa wa kufulia umeme. Kwa dereva wa bodaboda anayetoka alfajiri kupeleka abiria Ikungi, upepo huo huingia kifuani. Basi huja na makoti ambayo zipu zimekufa, na zipu ya koti si sawa na zipu ya sketi: hii hutengana kabisa chini, ina kipini upande mmoja na kijumba upande wa pili, na kichwa hakiwezi kuanza safari mpaka kipini kizame kwenye kijumba hadi mwisho.

Nilimtazama akipima koti la kijana mmoja. Alilifunga lote kwanza, akalilaza juu ya meza, akalinyoosha kwa viganja bila kulivuta. Akaanzia kwenye kijumba, akapanda mpaka jino la mwisho chini ya kola. Inchi 26. Akapima tena ukingo wa kitambaa pekee, pembeni ya zipu. Ishirini na sita na robo. Robo ile aliikodolea macho muda. Zipu mpya ikiwa ndefu kuliko ukingo, kifua cha koti kitatokeza mbele. Ikiwa fupi mno, kitambaa kitajikusanya. Robo inchi ikigawanywa kwenye 26 na bandi ikapigwa kwa mkono kabla ya cherehani, humezwa, haionekani. Inchi nzima haimezwi. Zipu ya namna hii haipunguzwi chini, kwa kuwa kipini na kijumba viko huko. Ikibidi, hupunguzwa juu.

"Ukikaa kwenye pikipiki linakubana tumboni?"

"Linapanda, mama. Linanifikia kidevuni."

Akamchagulia ya plastiki, namba 5, meno manene ambayo vumbi halishiki sana, yenye vichwa viwili. Cha juu hufunga koti. Cha chini hupandishwa inchi chache mtu akikaa, koti likapanuka mapajani na kola ikabaki mahali pake. Kijana alikuwa hajawahi kujua kuna zipu ya namna hiyo. Aliifungua na kuifunga chini mara kadhaa, akicheka, akiwa amekaa kwenye benchi kama yuko juu ya pikipiki.

Mimi mwenyewe nilipeleka suruali moja nikiwa na zipu mpya mfukoni. Ya zamani ilikuwa inafunga halafu inaachia nyuma ya kichwa. Aliangalia meno dhidi ya mwanga, yote yakiwa mazima, akachukua plaizi, akabana shavu moja la kichwa kidogo sana, kisha la pili. Akapaka mshumaa. Ikafunga. Meno mara nyingi hayajafa, alinieleza. Kichwa ndicho kimepanuka kwa kazi, hakiyabani tena inavyotakiwa. Zipu yangu mpya akanirudishia nikae nayo.

Msichana wa sketi alirudi baada ya siku mbili. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa, mkono wa kulia bado uko kiunoni. Zipu ilikuwa imefungwa na kikulabu kidogo kimeshikwa juu yake, marinda yameanguka sawa pande zote. Nilitegemea fundi aangalie zipu. Aliangusha chaki.

"Niokotee, mwanangu."

Msichana akainama, akaokota, akasimama. Mama fundi alikuwa anatazama ile nusu inchi chini ya kifundo, mahali mpasuo unapoishia, pale sketi zinapochanikia.

"Sasa kaa kwenye benchi. Kunja miguu kama uko darasani."

Akakaa. Hakuna kilichovutika. Fundi akapokea chaki, akairudisha kwenye kopo, na kugeukia mteja aliyefuata, mwanamume mwenye kitambaa cha kaki begani.